Wakuu Wawili, Kiti Kimoja

Jumatatu, 7 Machi 1988
Balaa! Tunaunganishwa na Hexavol, wapinzani wetu wa angani. Sisi, Air Garrigue! Tulianza na ndege moja ya mapangaboi ya kukodi, ikipeleka mahujaji Lourdes. Leo tuna jeti saba, na nusu ya Paris inaungua jua Tunisia kwa hisani yetu. Ratiba zote nimepanga mimi, Cazalis. Hexavol nao wana mkuu wao wa ratiba, Prigent, mtu wa kupanga hata penseli zake kwa rula. Wakuu wawili, kiti kimoja. Sikitoi ng'o.

Jumatano, 9 Machi
Dawa imepatikana. Mjumbe wa wafanyakazi hafukuzwi hivi hivi, sheria inamlinda. Uchaguzi keshokutwa. Miaka kumi na tisa nimewaita wagomaji wavivu, leo nimegombea! Baratte, fundi wa injini na kinara wa chama cha wafanyakazi, alicheka mpaka akamwaga kahawa. Akauliza, "Mzee, leo umeamka na homa?" Nikamjibu nimeguswa na machungu ya wanyonge. Nikaahidi kipande cha pili cha jibini kantini.

Ijumaa, 11 Machi
Nimeshinda! Jibini ni jibini. Prigent alikuja kuchungulia ofisi yangu, akalipima dirisha kwa macho. Nikamwonyesha beji ya ujumbe. Akageuka akaondoka. Kwisha habari yake!

Alhamisi, 17 Machi
Baratte kaitisha mgomo kupinga muungano. Eti mjumbe mpya ndiye hutangulia. Nikakabidhiwa kipaza sauti. Saa tatu nzima kwenye mvua ya uwanja wa ndege wa Orly, chini ya dirisha la mkurugenzi, Bwana Teyssier. Ndege nne hazikuruka, na ratiba ya safari hizo niliipanga mwenyewe! Juu nikamwona Prigent akinywa kahawa na Teyssier. Nikazidisha kelele.

Jumatatu, 21 Machi
Bi Odile, karani wa Teyssier, kanionyesha barua ya tarehe nne Machi. Mkuu wa ratiba za kampuni mpya: Cazalis! Prigent apelekwe Nice. Ilingoja sahihi tu. Nikauliza mbona haikusainiwa. Akasema, "Si ulikuja mwenyewe kumpigia kelele dirishani? Alikuwa ameshika kalamu."
Kiti ni cha Prigent. Mimi sifukuziki, kwa hiyo nimepewa meza jirani na choo. Nimelia. Choo kilikuwa karibu.
Lakini Odile kaninong'oneza: kampuni kubwa zaidi inataka kutumeza wote kabla ya Krismasi. Safari hii sifanyi mambo nusunusu. Nagombea uongozi wa chama kizima. Nimeshaahidi jibini kipande cha tatu.