Vitone Ishirini na Sita vya Mwanga

Jumatatu, 8 Juni 1998

Mgeni shuleni! Bwana Warfa, wa ofisi ya misaada kule kambi ya wakimbizi ya Ifo. Kaja na kompyuta inayokaa kiganjani. Kweli, kiganjani, kama andazi! Lakini herufi zake ni ndogo mno, anazidonoa kwa kijiti kama kuku. Akasema huko ng'ambo wataalamu wanafikiria kibodi ya mwanga. Unamulika meza, herufi zinatokea juu yake, unachapa pasipo na kitu. Darasa likacheka. Mimi sikucheka.

Halafu habari yenyewe. Jumatatu ijayo tutapiga taipu barua moja mbele yake. Msichana atakayewashinda wengine atafanya kazi ofisini kwake likizo ya Agosti, na kompyuta ile ataishika. Sisi wengine tutabaki tulivyo. Mimi nikibaki nilivyo nitapelekwa kijijini Kotile kuchunga mbuzi wa adeer Adow, ndugu yake baba. Mbuzi hao wananijua. Hatupendani.

Jumanne, 9 Juni

Taipureta ya shule ni moja. Karani ni Bi Ugbad. Bi Ugbad ni mama mdogo wa Kaaha. Basi Kaaha ameikalia taipureta tangu saa nne, anapiga kwa vidole viwili kama anayejaribu kama chai imepoa. Nikaomba zamu. Akasema, "Abaayo, dada yangu, wewe subiri kibodi yako ya mwanga." Wote wakacheka, hata Bi Ugbad, ambaye hucheka Idi hadi Idi.

Haya. Nitaitengeneza.

Mwalimu Mustaf ameniandikia mpangilio wa herufi, mistari mitatu. Nimeuhifadhi wote kabla ya adhuhuri, kwa kuimba, kama tunavyohifadhi Kurani duksi, chuoni kwetu.

Alhamisi, 11 Juni

Nimefaulu! Kopo la maziwa ya unga. Matundu ishirini na sita kwenye kifuniko chake, kwa msumari: kumi, tisa, saba. Ndani yake tochi ya ayeeyo, nyanya yangu. (Hajaulizwa. Amelala.) Jua la hapa kwetu Galbet halitaki mpinzani, nje vitone havionekani kabisa. Nikaingia uvunguni mwa kitanda cha mama saa saba mchana. Nikahitaji kitu cheupe cha kumulikia. Ubao wangu wa zamani wa duksi, ulikwisha kuoshwa! Nikasema Bismillahi, nikaipa Q kitone cha kwanza upande wa kulia, herufi nyingine zikafuata zenyewe.

Matatizo madogo yapo. Nikiweka kidole juu ya herufi, herufi nayo inapanda juu ya kidole. Ubao haubonyei, kwa hiyo sijui kama nimechapa au nimefikiria tu. Na joto la uvunguni linaweza kuivisha mayai. Wataalamu watayashughulikia hayo.

Jumamosi, 13 Juni

Vidole vyangu havitulii tena. Vimechapa juu ya sinia la anjera. Vimechapa mgongoni mwa ayeeyo nilipokuwa nikimkanda, barua nzima, hadi "wako mtiifu". Ayeeyo akatangaza kwamba nina jini, tena jini mwenye haraka. Akanisomea, akaninyunyizia maji. Nikamweleza kwamba ni kompyuta. Akasema hata jini wa kompyuta anaogopa maji.

Betri zimekufa. Ayeeyo akauliza nani ameziua. Nikasema jini.

Sijali. Sasa nachapa macho yamefumbwa. Kaaha bado anaitafuta M.

Jumatatu, 15 Juni

Kaaha alitangulia. Mistari sita, dakika kumi na moja. Niliona aibu kwa niaba yake.

Kisha mimi. Macho nikafumba. Vidole kumi vyote! Taipureta ya kweli inabonyea, raha iliyoje! Kikengele kikalia mwisho wa kila mstari kama baiskeli mteremkoni. Dakika mbili! Bi Ugbad akasimama. Nikamkabidhi Bwana Warfa karatasi bila kuitazama, kwa sababu kutazama ni kutojiamini.

Aliitazama yeye. Kwa muda mrefu. Palipopaswa kuwa "Bwana Warfa" palikuwa na "Colxl Oluhl". Akauliza kwa upole, hii ni lugha gani? Kaaha akanijibia kwamba ni Kiswahili cha ng'ambo.

Mwalimu Mustaf ndiye aliyegundua, akashika kichwa kwa mikono miwili. Nilipotaka W nimepiga O, nilipotaka A nimepiga L. Kila mstari nimeushika kutoka kulia, kama tunavyosoma kwenye ubao wa duksi. Katika barua nzima ni G na V tu zilizosalimika, maana zinakaa katikati na haziingii ugomvi wa watu.

Nikalia kidogo. Chooni, ili nisisumbue mtu.

Nilipotoka, Bwana Warfa alikuwa akiningoja. Akasema hajapata kuona mtu anayekosea kwa kasi ile. Nikijifunza upande ulio sawa, Disemba kuna nafasi nyingine. Nafasi! Nikaenda kumpongeza Kaaha, kama nilivyolelewa. Akasema, "Wasalimie mbuzi."

Jumatatu, 10 Agosti, Kotile

Nimewasalimia. Mmoja akala karatasi ya Mwalimu Mustaf, mistari yote mitatu. Si kitu, ninayo kichwani.

Adeer amenipa betri mpya bila kuuliza maswali. Nyumba yake, aqal, ina giza zuri hata adhuhuri, mikeka imefunika kila upande. Nimepata nafasi ya kulitafakari kosa langu kwa makini, kama msichana aliyefundishwa. Kosa ni la kopo. Leo nimeking'oa kifuniko chake, nikakigeuza ndani nje. Tundu lililokuwa kushoto sasa liko kulia, lililokuwa kulia sasa liko kushoto. Kazi ya dakika moja tu! Sijui kwa nini Mwalimu alishika kichwa vile.

Disemba, inshallah, Kaaha atanitambua.

Nimeuweka ubao magotini. Nimewasha tochi. Vitone vyote ishirini na sita vimetokea, vizuri kuliko vya Galbet. Nikasema Bismillahi, nikaipa Q mahali pake, kitone cha kwanza, upande wa kulia.