Jina la Mke Wangu kwenye Ukurasa wa Maoni

Jumatatu, 9 Februari
Jumapili kwaya yetu ya mtaa wa Kikula inachagua mwenyekiti. Octave tena? Miaka yote hii ametukalia kichwani! Mimi mwimba besi ananiweka nyuma ya nguzo. Kinanda cha kwaya amekifungia nyumbani kwake, ati parokiani mvua itakiharibu. Safari hii mwenyekiti ni mimi, Athanase, au hakuna haki Likasi nzima. Nimeandikia gazeti letu habari: "Octave aiba kinanda."

Jumanne, 10 Februari
Mhariri, mama Hortense, amenirudishia karatasi! Ameuliza nani alimwona akiiba. Nikamjibu mtaa mzima unajua. Akauliza Octave mwenyewe anasemaje. Mwizi naye aulizwe? Akashika simu ampigie palepale. Nikamnyang'anya karatasi yangu.

"Hii haiko habari, papa Athanase," akasema. "Ni hasira. Hasira iko na page yake, lakini inaombaka jina ya mwenye kuiandika."

Hata huko kwenye ukurasa wa maoni, eti, wizi usiothibitishwa hauingii, na Octave ana haki ya kujibu. Upuuzi! Na mgombea atajisifuje kwa jina lake mwenyewe?

Jumatano, 11 Februari
Wizi nimeufuta. Sasa ni maoni: Octave amechoka, kinanda ni cha wote, anayefaa ni Athanase peke yake. Chini nimetia jina la mke wangu, Émérence, naye mwanakwaya, na namba yake ya simu. Yeye gazeti hasomi, analitumia kufungia karanga. Nani atajua?

Ijumaa, 13 Februari
Nimepasuka kwa hasira! Mama Hortense alimpigia simu kuhakikisha. Émérence hakukana. Alikwenda mpaka gazetini, akasoma, akakubali yote isipokuwa sentensi inayonitaja. Ameifuta! Badala yake ameandika kwamba wanawake ndio wanaojaza kwaya na hakuna anayewauliza neno. Gazeti limeshachapwa. Nimempigia kelele. Amenijibu huku akisonga bukari kwa mwiko:

"Kama jina ni yangu, na mawazo ikuwe yangu."

Jumapili, 15 Februari
Octave ameanguka. Kinanda kimerudi. Mimi nimepata kura moja, na ninajua nani aliipiga. Mwenyekiti ni Émérence, wanawake walimpendekeza palepale! Wote wamesoma maoni yake, hata Octave amempa mkono. Amri yake ya kwanza: waimba besi wabebe viti.

Kosa langu nimeliona. Mke hafai kwa kazi hii, ana mawazo yake. Kesho nampelekea mama Hortense maoni makali dhidi ya mwenyekiti mpya. Chini nitatia jina la Octave.