Baridi ya Bure

Jumatatu, 3 Agosti 1987
Teksi yangu ndiyo pekee hapa Biryogo, Kigali, yenye kiyoyozi. Mzee Maneno, mshonaji, anamwoza binti yake Swafiya Jumamosi, huko Kabuga. Nimemwahidi kuwa binti atafika wanja haujachuruzika. Mutabazi, dereva mwenzangu, naye aliitaka kazi hiyo. Kiyoyozi chake ni dirisha! Nimechaguliwa mimi. Atakayembeba Swafiya vizuri ataitwa harusi zote za mtaa.

Jumanne, 4 Agosti
Leo nimewasha kiyoyozi tangu asubuhi. Petroli ya kutwa imekwisha alasiri. Nikashuku mwizi. Fundi Munyakazi akafunua boneti, akanionyesha mkanda. Injini huzungusha kompresa, kompresa hukandamiza gesi, ndipo baridi hupatikana.
“Twahiru, hii kompresa iko inakula esansi,” akasema.
Nikamjibu baridi haili petroli; baridi ni hewa, na hewa hainunuliwi. Mafundi wanapenda kutisha watu.

Alhamisi, 6 Agosti
Dawa imepatikana. Madereva wa Kigali wote huzima injini kwenye mteremko, gari likateleza lenyewe. Nimejaribu. Petroli haikuliwa, lakini na baridi ikakatika. Basi nitafidia: kila mlima, kiyoyozi hadi mwisho. Munyakazi anasema nifanye kinyume, mlimani ndipo injini inapochoka. Akili ni nywele.

Jumamosi, 8 Agosti
Aibu tupu. Niliweka petroli kidogo, nikitegemea miteremko. Nyuma Swafiya na shangazi zake, wanene wote. Kwenye mlima wa kuingia Kabuga gari likaanza kukohoa. Shangazi mkubwa akaniomba nizime hiyo baridi. Nikamwambia bibi harusi hatoki jasho kwangu. Gari likasimama, tangi kavu. Mashangazi wakashuka kusukuma na kanga zao mpya. Mutabazi akatokea na wapiga dufu, madirisha wazi, akamchukua Swafiya. Hakunicheka hata kidogo. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumapili, 9 Agosti
Mzee Maneno hakuitikia salamu yangu. Mutabazi ameshaitwa harusi nyingine. Nililia kidogo, kisha nikafikiri. Kiyoyozi hakina kosa, mlevi ni injini. Gurudumu nalo linazunguka kutwa na halinywi kitu. Nimemwagiza Munyakazi autoe mkanda wa kompresa kwenye injini, aufunge kwenye gurudumu la nyuma. “Na gurudumu iko inazungushwa na nani?” akauliza, akanawa mikono, akaenda kula. Mafundi wanapenda maswali kuliko kazi.