Seva ya Bujumbura Iliyozimika Rumonge

Wenzangu, leo nimeaibika, tena mbele ya baba mzazi.

Mnajua kazi yangu: naangalia kompyuta za shirika la misaada hapa Rumonge. Seva ziko mbili, moja hapa biro, yaani ofisini kwetu, nyingine Bujumbura. Ile ya Bujumbura ilitakiwa kuwekewa mfumo mpya, na barabara imefungwa tangu gari la abiria lishambuliwe njiani. Nikamwambia shefu, bosi wangu, nitaifanya kutoka hapa hapa, kwa setilaiti. (Nilisema kwa sauti kubwa kidogo.)

Halafu nikamwambia baba. Baba ni fundi cherehani sokoni, kwa hiyo nikawa nimeliambia soko zima. Asubuhi akaja na wenzake wawili wa msikitini, kanzu zimepigwa pasi, wakakaa kwenye benchi nyuma yangu, jirani na seva yetu. Barazani kulikuwa na watu wanaosubiri habari za ndugu zao walioko kambini Tanzania. Habari hizo zinapita kwenye seva hiyo hiyo, na shefu alikataza isiguswe wiki hii.

Ili kuingia Bujumbura unapitia kwanza seva yetu. Nikaingia. Nikawaeleza wazee kila hatua kama mwalimu. (Raha niliyokuwa nayo, acheni tu.) Wingu likapita, mawasiliano yakakatika, nikarudishwa kwenye seva yetu. Iliandikwa wazi kwenye skrini. Sikusoma, nilikuwa nimegeuka kumweleza mzee mmoja setilaiti ni nini.

Nikaandika amri. Mfumo ukaanza kuingia, mistari inateremka, wazee wanatikisa vichwa. Mwisho nikatangaza, "Sasa naizima ile ya Bujumbura. Itawaka yenyewe."

Nyuma ya baba kitu kikalia tii, kikanyamaza.

Baba akageuka, akaitazama seva yetu, akanitazama mimi. "Mama," akasema polepole, ndivyo anavyoniita binti yake, "hii ordinateri ya Bujumbura, mbona iko hapa?"

Niliwaza wale watu wa barazani, na kwamba hakuna fundi wa kufika hapa ikikataa kuwaka. Shefu akatoka kuuliza barua pepe zake zimeenda wapi. Baba akamwomba kwa adabu asinisumbue, niko kazini.

Ikawaka. Mfumo mpya, bila kosa hata moja. Barua zikaanza kupita, tena haraka kuliko jana. Shefu alikuwa bado ananigombeza pale mama mmoja wa barazani alipopata habari ya mume wake. Akaja kunishika mikono yote miwili. "Murakoze, asante, mutoto wangu." Shefu akakosa pa kuendelea.

Kisha nikaifanya ya Bujumbura, kimya, bila kumweleza mtu chochote. Nayo ikawaka.

Shefu anasema kesho ataamua kama ni adhabu au pongezi. Baba hakungoja. Sokoni anasimulia kwamba binti yake alitumwa moja akafanya mbili, na siwezi kusema ni uongo.

Ruksa kucheka, ila aanze yule aliyewahi kuzima seva mgongoni mwa baba yake ikaamka na afya kuliko ilivyolala.