Jenereta Linalopiga Chafya

Hebu nikutegee: farasi wa tajiri hali majani, hanywi maji, na ukuta ukizimika naye anakufa kasimama. Umeshindwa? Ni gari la umeme siku umeme umekatika.

Siku ya tatu bila umeme, magari kumi na mawili yalikuwa yamekufa hivyo kwenye kituo cha kuchajia. Mdomo Sukari alipita na pikapu yake kuukuu, akayaona, mate yakamjaa. Baada ya saa moja akarudi, akashusha dubwana lililofunikwa turubai, linanguruma.

"Jenereta hilo, waheshimiwa! Namba moja anachukua nani?"

"Mimi!" akaruka mwenye nyumba za kupanga. "Nalipa mara mbili!"

"Mara tatu!" akadakia wakili.

Mdomo Sukari hapendi kumvunja mtu moyo. Akawauzia wote wawili namba moja, na daktari wa meno pia. "Tuliache lipate moto kwanza," akasema. Kumbe chini ya turubai ni kabati bovu na redio, inatoa mngurumo aliourekodi kwenye mashine ya kusaga unga. Mkoba wake ukijaa pesa, angeaga kwamba anafuata dizeli, na ndiyo moja kwa moja, harudi.

Mara akafika mkunga kwa miguu, jasho linamtiririka. Gari lake lilikuwa limezima njiani, na zahanati ya ng'ambo ya mji ina mama mwenye uchungu, mtoto katanguliza miguu, mkunga mwingine hakuna.

"Mwanangu, hiyo pikapu yako inakunywa nini?"

"Chukua namba, mama."

"Nimekuuliza..."

"Kumi na tatu, mama yangu. Namba nzuri hiyo."

Mkunga akalisogelea dubwana. Akatoa kipembe chake cha kusikilizia watoto tumboni, akakibandika kwenye turubai, akaweka sikio, akafumba macho. Watu wakarudi nyuma kwa heshima. Mdomo Sukari akahisi tumbo linalosikilizwa ni lake.

Mkunga akamvuta kando, akamnong'oneza. "Nasikiliza matumbo mwaka wa thelathini huu. Hilo lako lina mtu anapiga chafya, tena anadai unga wake."

"Mama, taratibu, watanila nyama!"

"Basi rudisha mkoba."

Mdomo Sukari akamrushia wakili mkoba. "Nishikieni, nafuata dizeli!" Wakili akaukumbatia mkoba, wengine wakamkumbatia wakili.

"Haya," akasema mkunga, "nakuuliza kwa mara ya mwisho, maana yule mtoto hajui kupanga foleni. Inakunywa nini?"

Mdomo Sukari akamfungulia mlango.

"Petroli, mama. Panda."