Ufunguo wa Stoo ya Rola

Jumatatu, tarehe 3

Leo nimetimiza miaka sabini na tisa. Nimezika wenyeviti watano wa klabu. Nimezika marola mawili ya chuma ya kushindilia uwanja, na la kwanza lilizama lenyewe kwenye tope, halikusubiri kuzikwa. Paa la ukumbi liling'olewa na upepo, mimi nikabaki. Na nimemzika mke wangu, jambo ambalo halikuwa kwenye mpango. Mpango ulikuwa nitangulie mimi.

Mjukuu wangu kanipa daftari hili. Eti niandike, labda nitapunguza kusema. Binti huyu ni nahodha wa timu ya kriketi ya wanawake ya mkoa, kwa hiyo amezoea kuamrisha watu.

Habari kubwa! Jumapili timu yao inatimiza miaka arobaini. Ukumbini utawekwa ubao wa historia, ukutani, mtu akiingia tu anauona. Mstari wa juu kabisa: MWANZILISHI. Na jina.

Jina la nani? Nauliza tu. Nani alikuwa mtunza uwanja siku ya mechi ya kwanza? Nani alikata nyasi kwa mikono hii? Nani alishindilia kile kipande cha katikati mpira unapodundia?

Swali la kushindilia tuliache kwanza.

Jumanne, tarehe 4

Nimekwenda kwa Katibu wa timu. Ni muuguzi, ofisi yake iko chini ya ngazi za ukumbi, ukisimama wima unagonga kichwa. Nikagonga. Nilivaa koti.

Nikamweleza historia yote. Kwamba niliwakusanya mafundi cherehani kumi na mmoja wa karakana ya sare, waliokuwa wakiwashonea wanaume suruali nyeupe za kriketi bila kujua zinakwenda kufanya nini. Kwamba niliwashikisha gongo la kupigia mpira. Kwamba mpira wao wa kwanza, ule wa masalio ya nyuzi uliovikwa ngozi ya kiatu, ulikuwa akili yangu. Katibu akaniuliza kwa upole, babu, si bibi ndiye aliyekuwa fundi pale karakana? Nikasema ndiyo, lakini chini ya uongozi wangu.

Akaficha mdomo kwa kalamu.

Kisha akasema Kidole alimfikia tangu asubuhi, naye anadai mwanzilishi ni yeye. Kidole! Mwamuzi mstaafu. Kazi yake maisha yote ilikuwa kuinua kidole na kuwatoa watu uwanjani. Mimi alinitoa mwaka mmoja kwa mpira ulionigusa kiwiko tu. Sijasahau. Kiwiko nacho hakijasahau. Eti yeye ndiye aliyewafundisha wanawake sheria, kwa hiyo timu ni yake.

Katibu kasema maneno ya mdomo hayatoshi. Anataka kitabu cha alama cha mechi ya kwanza, kilichoandikwa na marehemu mke wangu. Yeye ndiye aliyeandika alama miaka thelathini na mbili, mpaka timu nzima ikamwita Mama Alama. Kitabu kiko wapi? Kwa Kidole! Marehemu alimkabidhi mwenyewe kabla ya kufa.

Nilikohoa mpaka nikaletewa maji.

Jumatano, tarehe 5

Daftari ni langu, hakuna anayelisoma. (Mjukuu, acha kusoma.)

Basi niseme lile la ufunguo. Ni jambo dogo.

Siku ya mechi ya kwanza rola lilikuwa stoo, na stoo ilifungwa. Ufunguo nilikuwa nao mimi. Wanawake walipokuja kuuomba nikawaambia umepotea. Nikajifanya nautafuta. Nikainua hadi mawe. Nilijiambia nalinda uwanja, viatu vyao vitachimba mashimo. Uongo. Wanaume wa klabu walikuwa wamenitania wiki nzima, eti nyumbani kwako nahodha ni nani? Nikataka waone nahodha ni mimi.

Mke wangu hakubishana. Akawaita wenzake, wakaleta pipa la bati, wakalijaza maji, wakalilaza, wakalisukuma. Kumi na wawili na pipa moja. Likavuja njia nzima. Mechi ikachelewa saa nzima. Mpira ukawa unateleza kama sabuni. Wakatolewa wote kwa mikimbio thelathini na moja, ndizo alama za kriketi, wakatoka wamejaa tope mpaka kope, wanacheka. Walifungwa mechi nane mfululizo, ya tisa wakashinda. Mwaka wa sita hawakuwa tena timu ya karakana, walikuwa timu ya mkoa. Mwaka wa kumi na tatu wakaleta kombe, nami nikalibeba kutoka kwenye lori hadi ukumbini. Hilo andikeni.

Usiku wa pipa mke wangu alinipakulia chakula bila neno. Siku tisa hakunisemesha. Nilizungumza na paka. Wakati ule alikuwa akinifundisha kusoma, kwa vitabu vya alama vya wanaume vilivyokwisha: kwanza tarakimu, kisha herufi. Somo hakulikatisha hata zile siku tisa. Alikaa karibu yangu, akaonyesha neno kwa ncha ya sindano, nikasoma, akasogeza.

Kuna sehemu kitabuni ya kuandika sababu ya mechi kuchelewa. Ndiyo maana kitabu kile cha kwanza sikukigusa kamwe. Miaka yote kilikuwa kabatini, nami nilikuwa naliogopa kabati.

Katibu akikisoma nimekwisha. Ule ukurasa lazima utoke.

Alhamisi, tarehe 6

Mipango miwili kwa siku moja! Na umri huu!

Wa kwanza: fundi maandishi. Nikamwazima ngazi yangu, nikamwambia Katibu kanituma. Andika MWANZILISHI, kisha jina langu na la baba yangu. Akaniomba karatasi ya Katibu. Nikamwambia kwa umri huu mimi ndiye karatasi. Akaandika. Herufi za buluu, zimesimama kama askari. Nilibaki pale mpaka rangi ikakauka. Jina refu, zuri. Hata mimi, kama nisingemjua mtu huyo, ningemheshimu.

Wa pili: kwa Kidole, kumjulia hali na kung'oa ukurasa. Binti yake alikuwa mlangoni anachambua mchele. Akaniamkia shikamoo huku ananitazama mikono. Kidole yumo ndani kitini, macho yamefunga ukungu, haoni hata kidole chake mwenyewe. Nikasema hata enzi zile alikuwa haoni. Akasema sauti hiyo anaijua, ni ya yule aliyetolewa kwa haki.

Kitabu kiko mapajani mwake, kiwiko juu yake. Nikapanga kusubiri aende msalani. Nikanywa vikombe vinne vya chai nikisubiri. Nikaenda mimi. Mara tatu. Yeye hakuinuka! Mtu wa ajabu.

Wakati naaga akasema njoo kesho unisomee hiki kitabu. Binti yake hajui alama za kriketi. Katibu atakuja kukichukua jioni.

Kesho basi. Atanikabidhi mwenyewe.

Ijumaa, tarehe 7

Sijui nianzie wapi.

Nilikwenda saa tatu asubuhi, mfukoni nina wembe. Kidole akanipa kitabu kwa mikono miwili. Akasema anza ukurasa wa kwanza, usiruke. Binti yake yuko palepale na mchele wake, hauishi. Wembe ukawa hauna kazi. Nikaona hakuna njia ila kusoma uongo. Kipofu atajuaje?

Nikafungua. Sikutazama. Macho nikayaweka dirishani, nikasoma kwa sauti ya mwenyekiti: "Uwanja umeshindiliwa vizuri na mume wangu. Mechi imeanza kwa wakati."

Kidole akaitikia kwa kichwa, akasema endelea. Nikashusha macho nitafute pa kuendelea.

Yaliandikwa hayohayo.

Mwandiko wake, wino wa buluu. *Uwanja umeshindiliwa vizuri na mume wangu. Mechi imeanza kwa wakati.* Nikasoma tena kwa kidole, neno kwa neno, kama alivyonifundisha. Hayohayo. Chini sahihi ya mwamuzi. Kisha nukta zake. Kwenye kitabu cha alama, mpira usiozaa mkimbio ni nukta moja, naye alikuwa akizikandamiza mpaka karatasi inatoboka. Nukta na nukta na nukta.

Nikasahau kusoma kwa sauti. Kidole akasema, umefika, eh?

Akanisimulia. Kwamba siku ile alimwambia mke wangu sheria inataka sababu ya kuchelewa iandikwe. Mke wangu, tope mpaka nyusi, akamjibu: mume wangu anajifunza kusoma. Ameshafika maneno ya silabi tatu. Siku moja atafika ukurasa huu, na sitaki aikute aibu yake imekaa inamsubiri. Akaandika alivyoandika, akamsukumia kalamu. Kidole kasema ndiyo sahihi pekee ya uongo aliyoitia maisha yake yote, na mpaka leo inamwasha.

Nikamuuliza, kama alijua yote, kwa nini kajitangaza mwanzilishi. Akasema macho yakifunga, wageni hawaji. Alijua nikisikia jina lake kwenye ubao nitakuja mbio.

Akaongeza kwamba, hata hivyo, sheria aliwafundisha yeye.

Binti yake akaleta chai bila kuulizwa. Miaka thelathini na mbili kitabu kilikuwa kabatini mwangu. Mke wangu alinisubiri nikifungue, nami nikawa nazunguka kabati kama mwizi.

Jumamosi, tarehe 8

Nimekwenda kwa Katibu. Bila koti. Nimemwambia la ufunguo, la pipa, la siku tisa. Hakuandika. Aliweka kalamu chini akanishika mkono.

Nikamwambia ukweli uandikwe ubaoni. Mwanzilishi: Mama Alama. Na chini yake, kwamba uwanja wa kwanza ulishindiliwa na wachezaji wenyewe kwa pipa la maji.

Kumbe rangi ya yule fundi ni nzuri kweli. Jina langu lilikataa kutoka! Nilipanda ngazi na kisu cha jikoni na mafuta ya taa. Nikakwangua la kwangu lote, la baba yangu nikalikwangua kwa kumwomba radhi. Fundi alisimama chini kashika kiuno, akiuliza huyu ni mzee wa namna gani, juzi kaja kuandikisha, leo kaja kufuta. Nikamwambia achunge ngazi.

Akaandika jina la mke wangu. Akauliza herufi zake ni ngapi. Nikamtajia moja moja. Sikukosea hata moja.

Jumapili, tarehe 9

Watu wamejaa! Nikaitwa niseme machache. Nilikuwa nimeandaa kurasa tano. Nikasimama, nikaona ule ubao, kurasa zikanitoka kichwani. Nikasema: "Ufunguo nilikuwa nao mimi."

Ndipo bibi mmoja kwa nyuma, mmoja wa wale mafundi cherehani kumi na mmoja, ana mkongojo sasa, akapaza sauti: tulijua, shemeji! Ufunguo ulikuwa unalia mfukoni mwako kila ukiinua jiwe!

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Kidole naye akacheka mpaka miwani ikaanguka, ile asiyoihitaji. Miaka arobaini nimebeba siri ambayo walikuwa nayo wao.

Nikauvua shingoni ufunguo wa stoo, ninaouvaa miaka yote. Ukaninasa sikioni. Nikampa mjukuu wangu mbele ya watu wote. Alinikumbatia akaninong'oneza, asante mume wangu, sasa kaa chini. Akaenda akafungua stoo mwenyewe. Wachezaji wote kumi na mmoja wakalivuta rola. Walikuwa wanalipeleka upande, nikapiga kelele wasahihishe. Hawakusahihisha. Uwanja umetoka safi.

Tumeshinda mechi ya sherehe. Nilikaa karibu na msichana mwandika alama. Kila mjukuu wangu alipourusha mpira ukakosa kupigwa, nilimwambia kandamiza nukta hiyo, kandamiza. Akasema karatasi itatoboka. Nikasema ndivyo inavyotakiwa.

Jumatatu, tarehe 10

Nimelala vizuri. Sina ubishi na mtu. Ubao uko sawa, mke wangu yuko juu anapostahili. Ufunguo nimeutoa kwa moyo mweupe. Wa akiba ninao.

Lakini leo asubuhi nikinywa chai wazo limenijia. Lile pipa! Ubao umeandika pipa. Pipa la nani? Walilitoa wapi? Uani kwangu! Lilikuwa la maji ya kuoga, na siku ile nilirudi nikakoga kwa kikombe. Bila pipa uwanja usingeshindiliwa, bila uwanja hakuna mechi, bila mechi hakuna timu. Sasa mwenye pipa tumwite nani?

Pembeni ya jina la mke wangu imebaki nafasi, palepale nilipokwangua. Nimepima kwa kiganja. Jina langu linaenea, la baba yangu likibanwa kidogo. Ngazi bado iko kwa fundi. Mchana nakwenda.

Asiyeamini amuulize Kidole, alikuwepo, na siku hizo macho yake yalikuwa mazima. Akimkatalia, amuulize mjukuu wangu, nimeshamweleza la kusema. Na kama shahidi mkubwa angekuwepo, nisingehitaji hao wawili. Angeandika mwenyewe, kwa wino wa buluu: *Pipa lilitolewa na mume wangu, kwa hiari yake.* Na Kidole angetia sahihi.