Sauti Yangu Haihemi

Jumatatu, 7 Septemba 1998

Josias wangu anasoma masters ya kompyuta. Si ile ya kukaa darasani na kunakili ubaoni. Ya utafiti. Yaani anatafuta kitu ambacho hata profesa wake hajakijua, na akikipata wanamvalisha joho. Mimi niliishia darasa la sita, Uvira, nikamzaa huyu.

Anafundisha kompyuta kusoma Kiswahili kwa sauti. Sauti ya nani? Yangu. Miezi yote ya baridi nimekaa chumbani, hapa kwetu Point, Durban, mablanketi yametundikwa kuzuia kelele za taxi, nasoma neno moja moja. Nikitia furaha kidogo, Josias anasimamisha. Mama, usiimbe. Soma kama mtu asiyejali kitu.

Jumamosi wamama wa kikundi chetu cha maombi watakwenda chuoni kusikiliza na kutoa alama: hii ni sauti ya mtu au ya mashine? Profesa atakuwepo. Bila wasikilizaji hao, kazi haipiti mwaka huu. Epiphanie, yule mwenye salon mjini, anauliza hiyo ni shule gani, maana hata redio inasema. Binti yake anavaa sare ya benki, basi hatupumui.

Jumanne, 8 Septemba

Nasonga fufu, ugali wetu wa muhogo, nikasikia mtu anazungumza chumbani. Anasema mto umejaa, watoto warudi nyumbani. Fufu ikaungua. Ilikuwa sauti ya marehemu mama yangu.

Josias akacheka. Ni wewe, Mama. Anakata maneno yangu vipande vipande, anaviunga upya. Nikamwambia sijawahi kusoma habari za mto. Akasema hapo ndipo utafiti ulipo. Nikauliza mbona huyo mama hahemi. Akasema pumzi ni uchafu, ameifuta yote.

Nimemaliza kupika mgongo ukiwa ukutani.

Jumatano, 9 Septemba

Nina akili mimi. Wamama wakiizoea sauti mapema, Jumamosi watatoa alama za juu. Josias alipokwenda chuoni nikaiwasha kompyuta mwenyewe, nikachapa kwa kidole kimoja, nikairekodi kwenye kaseti. Maneno mafupi, ya heshima:

"Wamama, mimi Mama Josias. Musiogope. Niko pahali pazuri. Sisikii njaa wala uchovu. Mtoto wangu amenifikisha mbali. Nawangoja wote."

Nimempa Verediana, mwenzangu wa kikundi, aicheze kesho kwenye maombi, asieleze neno. Mimi sitakwenda. Nikiwepo watanitazama mimi.

Alhamisi, 10 Septemba

Mchana wimbo ukapanda ngazi. Wa polepole sana kwa pongezi. Nikajipaka mafuta usoni, nikafungua.

Epiphanie mbele, kitambaa amekifunga cha matanga. Nyuma yake mikeka, unga, sufuria kubwa. Wimbo ukakatika. Verediana akaiachia sufuria, ikateremka ngazi peke yake mpaka chini kabisa, na hakuna aliyegeuka kuitazama.

Epiphanie akanigusa bega kwa mwiko. Akatoa kioo cha salon, akaniambia nihemee. Kikaingia ukungu. Akakifuta, akaniambia tena.

Kumbe ni hivi. Tangu vita vya kule nyumbani, watu wa kwetu wanatuma salamu kwa kaseti, wasafiri wanazileta, na mara nyingine kaseti inafika wakati aliyesema ameshazikwa. Tunasikiliza pamoja, halafu tunatandika mkeka wa matanga. Hakuna anayetuma kaseti kwa watu anaoweza kuwafikia kwa miguu. Ni mimi tu. Wananiambia ilipofika pale pa kuwangoja wote, mama mmoja mzee aliitikia kabisa: tunakuja.

Nikamwuliza Epiphanie, lakini sauti yenyewe ilikuwa nzuri? Akasema, "Dada, nzuri sana. Ilikuwa imetulia kama imemalizana na watu."

Ijumaa, 11 Septemba

Wamama wamekataa kwenda chuoni. Josias hakupiga kelele, na bora angepiga. Akasema hata wangekubali hawafai tena, maana anahitaji masikio ambayo hayajaisikia. Akakaa mkono juu ya kompyuta, kama anampima mgonjwa homa.

Nikatoka mbio kwa Khadeeja, mteja wangu wa vitenge. Kazaliwa hapa hapa Durban, lakini nyumbani kwao Kiswahili cha mababu bado kiko. Atakuja na ndugu zake. Sharp, kama wasemavyo hapa, mambo safi. Josias amenishukuru, halafu ameniapisha nisikanyage chumba cha majaribio.

Jumamosi, 12 Septemba

Sikukanyaga. Korido sikuapishwa.

Nikatega sikio mlangoni. Sauti, kimya, kalamu zinaandika. Sauti, kimya, kalamu. Mama yangu kabisa, anasoma sentensi za Josias. Chai imepoa. Mvua haijanyesha. Halafu: Mtoto yuko wapi?

Nikaitika kabla sijafikiri. Niko hapa, Mama.

Kalamu zikanyamaza. Eish. Sauti imeuliza kutoka mezani, sauti ile ile imejibu kutoka mlangoni. Khadeeja alitoka wa kwanza, viatu mkononi, ndugu zake nyuma. Profesa akanitazama muda mrefu, kama anatafuta pahali waya unaponiingia.

Karatasi zimebaki nusu tupu. Kazi haipiti mwaka huu. Josias amepewa mpaka Machi, alete wasikilizaji wapya na sauti mpya.

Jumapili, 13 Septemba

Sauti mpya ni Epiphanie. Josias alimwomba baada ya ibada, mbele ya watu wote. Akajibu kwamba ataangalia kama ana nafasi. Saa hiyo hiyo nafasi ikapatikana. Niko jikoni, namsikia nyuma ya mablanketi yangu, anasoma maneno yangu, kila neno kama anaita mteja. Josias ameniambia kwa upole kwamba kazi yangu sasa ni chai.

Chai ataipata, tena nyingi. Choo chetu kiko mwisho wa korido, gizani, na tangu Alhamisi Epiphanie hakanyagi korido hii peke yake, lazima Josias amsindikize. Kifaa cha kurekodi kinabaki kimewashwa. Nimeshapita hapo mara kadhaa, nikasoma na mimi. Maneno machache tu, bila furaha, kama nilivyofundishwa. Nani atajua? Mtoto ni wangu.

Sasa hivi Josias amecheza rekodi ya leo, waisikilize yeye na Epiphanie. Epiphanie akavua vile vya kusikilizia masikioni, akatazama nyuma yake, akauliza nani mwingine yuko chumbani.

Nimempelekea chai nyingine.